Msafiri Haitwi kwa Nyuma

Anadi Sarkhel alisafiri siku ya Jumatano, saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi, mwezi wa Srabon ukiwa umebakiza siku mbili kwisha. Alifunga mlango wa chumba chake cha chini, akatia ufunguo kwenye mfuko wa shati, akashika mwavuli, akavuka ua, akapanda ngazi na kufika. Safari nzima haikumaliza dakika mbili. Alifika kwa Tarapada Bhowmick, mpangaji wa ghorofani, akavua viatu mlangoni na alama ya mtindi, ile ya heri ya safari, ikiwa bado mbichi kwenye paji la uso.

"Nimeshaondoka," akasema.

"Umeondoka salama?" akauliza Tarapada.

"Salama kabisa. Hakuna aliyepiga chafya."

"Basi karibu ule, Kaka Anadi. Utakuwa na njaa ya njiani."

Ukicheka, wewe si mtu wa Kolkata ya kaskazini. Katika nyumba ile namba kumi na nne hakuna aliyecheka, maana jambo lilikuwa wazi. Treni ya kwenda Pune ilikuwa ya tarehe tisa Bhadro, mwezi unaofuata Srabon, na mwezi wa Bhadro mtu mwenye akili zake hahami nyumba. Mwezi huo hata paka hafukuzwi. Bulti, binti yake Anadi, ameishi Pune miaka mingi na amesahau mambo haya, akakata tikiti kama mtu anayechuma ua la njiani. Bahati nzuri kitabu cha falaki kina dawa. Msafiri aondoke kwenye saa njema kabla mwezi haujaharibika, alale kwa jirani, na treni ije imkute yuko safarini tayari. Masharti ni mawili tu. Asiingie tena chumbani mwake, na asiitwe kwa nyuma. Akiitwa kwa nyuma safari imevunjika: arudi kwake, akae kitako, anywe maji, asubiri siku nyingine njema.

Anadi alikuwa mtu wa masharti. Miaka thelathini na mmoja alikuwa kondakta wa tramu, akivuta kamba ya kengele mara mbili kuondoka na mara moja kusimama, na hajawahi kuvuta mara tatu, za kupita vituo bila kusimama, hata siku mke wake alipojifungua. Kuna bwana harusi mmoja aliyedandia tramu yake ikiwa inatembea, na kilemba chake na taji juu. Anadi alisimamisha gari, akamshusha, akamwambia apande upya kama watu. Ndugu wa bwana harusi walimtukana hadi kituo cha mwisho. Yeye alitabasamu tu, kwa sababu sheria ilikuwa upande wake, na sheria ikiwa upande wa Anadi hahitaji rafiki mwingine.

Lakini hili la kuitwa kwa nyuma halikuwa la sheria tu. Miaka kumi na mmoja iliyopita mke wake, Shefali, alitoka kwenda hospitali kwa jambo dogo. Alipofika langoni Anadi akamwita kwa nyuma, "Miwani yako!" Shefali akarudi, akachukua miwani, akakataa kuketi. "Nikae ninywe maji kwa ajili ya miwani? Riksho inaningoja, bwana wee." Akaenda anacheka, na hakurudi. Madaktari walisema ni moyo. Anadi hakubishana na madaktari. Ila tangu siku ile hajamwita mtu yeyote kwa nyuma, hata kama mtu huyo amesahau kichwa chake mezani, na nyumba nzima ikaishika desturi hiyo kwa heshima yake. Ukimtaka Anadi, unakimbia, unazunguka, unamtokea mbele, ndipo unasema shida yako.

Na Pune anafuata nini? Kilichotokea ni kwamba wakati wa joto aliteleza kwenye sakafu ya bomba, akavunjika kifundo cha mkono. Bulti alilia kwenye simu. Anadi anaweza kuvumilia mengi, ila mtoto kulia hawezi, akaahidi mbele ya picha ya Shefali kwamba atahamia kwao. Ahadi ni deni. Lakini tusifichane: hakutaka kwenda. Hakutaka hata kidogo. Bulti alimsifia kwamba kule, ghorofa ya kumi na mbili, maji yanatoka saa zote, kila bomba. Anadi alilala macho akiwaza jambo hilo. Sasa mtu akiamka saa kumi na mbili asubuhi huko, anafanya nini?

Hapa nyumbani maji ya bomba yanakuja saa kumi na mbili kamili na kukatika saa moja. Baada ya hapo ni maji ya tangi, yenye ladha ya chuma. Kwa hiyo ndoo zinapangwa uani foleni kabla ya alfajiri, na msimamizi wa foleni, bila kuchaguliwa na mtu, ni Anadi. Kazi hiyo ndiyo iliyomkosanisha na Mwalimu Surobala Khasnobish, mpangaji wa chumba kinachotazamana na chake, mwalimu wa jiografia, sasa mstaafu, mwanamke ambaye hakuolewa na hakusikitika. Miaka kumi na tisa iliyopita alitanguliza ndoo yake kwenye foleni, akarudi ndani kujipaka sabuni ya nywele. Anadi akaisukuma ndoo hadi mwisho. "Ndoo isiyo na mwenyewe haina tikiti," akasema. Zamu ya Surobala haijafika, maji yakakatika. Siku hiyo mkaguzi wa elimu alikuwa anakuja shuleni, na mwalimu akampokea na povu kichwani.

Hawajasemezana tena. Yakiwepo ya lazima, kila mmoja anaiambia nguzo ya ua, na nguzo inafikisha.

"Nguzo," Surobala alisema asubuhi ile ya safari, "mwambie huyo mtu wa tramu, mtu akitoka nyumbani kwake akaingia nyumbani kwake, kwa jiografia hiyo haiitwi safari."

"Nguzo," Anadi akajibu kutoka juu ya ngazi, "mwambie mwalimu dunia yenyewe inazunguka inarudi palepale, na watu wanavaa koti kwenda kuifundisha."

Basi, tarehe tisa Bhadro haijafika, mafuriko yakabeba daraja la reli na treni ikafutwa. Bulti akakata tikiti nyingine, na lifti ya jengo lake ikaharibika. Mzee hapandi ghorofa kumi na mbili kwa miguu. Ya tatu ilipopatikana, mama mkwe wake Bulti akapata tetekuwanga, tena akiwa amelala kwenye kitanda kilichotengwa kwa Anadi. Wakati wote huo Anadi hakuweza kurudi chumbani, maana alikwishasafiri. Wala hakuweza kusafiri upya, maana hajarudi. Alikuwa njiani. Bhadro ikaisha yuko njiani. Ashwin ikaja na ngoma zake na mungu wa kike akaletwa mtaani, akaabudiwa, akapelekwa mtoni. Hata yeye alikuja na kuondoka, Anadi yuko njiani vilevile.

Jioni ya kwanza kabisa aligundua miwani imebaki ndani. Kufungua mlango ni kuvunja safari, hilo halikuhitaji mjadala. Nimai Dolui, mpangaji wa chumba cha juu ya paa, akaleta ufito wa mwanzi wenye kulabu, akaivua miwani kupitia nondo za dirisha kama mtu anavua perege, nyumba nzima ikimwelekeza. "Kushoto! Kushoto, wee kipofu, hicho ni kikombe cha meno!" Tangu hapo kila alichohitaji msafiri kilivuliwa: soksi, dawa ya mbu, picha ya Shefali. Ndoo yake peke yake ilikuwa nje. Wapangaji waliamua kwamba msafiri hana haki ya foleni, wakaigeuza kifudifudi chini ya ngazi. Anadi aliikubali hukumu, maana ilikuwa sahihi, lakini kila aliposhuka ngazi alitazama pembeni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anadi hakupewa jembe, alipewa kichwa cha samaki. Shemeji Kajol, mkewe Tarapada, alisema msafiri ni lazima ale vizuri, hajui mbele atakuta nini. Bei ya kichwa hicho ilikuwa tumbo la Tarapada. Tarapada hapati choo kwa urahisi tangu ujana wake, na sasa alipata mtu wa kulinganisha naye.

"Leo vipi, Kaka Anadi?"

"Vizuri."

"Vizuri ya kawaida, au vizuri ya kweli?"

Wiki ya tano Anadi akahamia kwa Nimai. Nimai ni mwigizaji wa michezo ya viwanjani, na msimu huo alikuwa jitu anayeuawa na mungu wa kike. Alijifunza kufa kila alfajiri, na kwa kuwa mtu hafi vizuri bila muuaji, Anadi alishika mwavuli. Mzee wa miaka sabini na mmoja, mwenye shuka kiunoni na kofia ya sufu masikioni, alimchoma mwenyeji wake kifuani kila siku kabla ya chai.

"Choma kwa hasira, Mjomba! Nimewasumbua miungu!"

"Mimi hujanisumbua, mwanangu. Umenipa godoro."

Kule chini, mlango wa Anadi ulikaa umefungwa. Kwa miaka kumi na tisa maadui wale wawili walikuwa wakiketi jioni kila mtu kizingitini pake, wametazamana, kila mmoja na redio yake, taarifa ya habari ileile. Sasa ilisikika redio moja. Siku moja Surobala alisema kwa sauti ya kutosha kufika paani, "Nguzo, lile kufuli linanikodolea macho. Mtu aliondoe." Hakuna aliyejua la kufanya na maneno hayo, hata nguzo.

Mwezi wa Ashwin ulipokuwa ukingoni likatokea jambo la muuza samaki. Anadi alikuwa anavuka lango kwenda kunywa chai. Muuza samaki Haru, beseni kichwani, alikuwa uani, na mdomo wake ukaponyoka.

"Ee Bwana Anadi! Leo kuna kambale!"

Shemeji Kajol alijifunika mdomo. Anadi alisimama kama tramu iliyokatikiwa umeme, na ndani ya kifua chake kitu kikaruka kwa furaha, furaha ya wazi kabisa, hadi akaona haya.

"Umeniita?" akauliza bila kugeuka.

Haru akatazama nyuso za watu, akaona msiba wa mtu mzima unaelekea kuwekwa kwenye beseni lake. "Mimi? Mimi namwita paka."

"Paka anaitwa Bwana Anadi?" akauliza Tarapada.

"Kwangu mimi paka wote wanaitwa Bwana Anadi."

Funika kombe, mwanaharamu apite. Watu walishusha pumzi, wakampongeza msafiri kwa kunusurika, na Anadi akaendelea na njia. Kwenye benchi la muuza chai alikaa na kikombe cha udongo hadi kikapoa, macho yakimchoma. Ndipo alipojua anangoja nini. Alikuwa anangoja mtu amwite. Na hakuwa na namna ya kuomba, kwa maana mwito wa kuombwa si mwito, ni udanganyifu, na yeye hakuwahi kumpandisha mtu tramu kwa udanganyifu. Na ni jirani gani atakayemwita? Kila mtu pale alimpenda, na kumwita kwa nyuma mtu umpendaye ni kujitia mkosi wake shingoni. Alilipia chai, akarudi safarini.

"Nguzo," Surobala alikuwa akisema alipoingia, "wauza samaki ni waoga."

Siku ya mwisho ya mwezi wa Oghran Bulti alikuja mwenyewe, kama alivyotangulia kuarifu kwa simu. Alifika na treni ya asubuhi, macho mekundu, na sanduku la magurudumu. Alikuta mlango wa baba yake umefungwa, na baba yake paani anamuua mtu kwa mwavuli.

"Baba! Unafanya nini kwa watu?"

"Nimesafiri, mwanangu."

"Lini?"

"Mwezi wa Srabon."

Bulti alitafuta wa kumgombeza, kila mtu akatazama kwingine. Akavuta pumzi. Mama mkwe amepona, alisema, kitanda ni kipya, treni ni saa nane mchana huu, na safari hii hata mbingu zikianguka wanakwenda wote wawili. Nimai alivua kupitia dirishani alichoweza kuvua, Bulti akapanga sandukuni bila kuuliza kwa nini mashati ya baba yake yana matundu ya kulabu.

Saa ya kutoka ilipofika, shida ikajitokeza. Kila mtu alitaka kumsindikiza, na hakuna aliyetaka kuwa nyuma yake, ulimi usije ukateleza. Kwa hiyo wote walimtangulia, na kwa kuwa walitaka pia kumwona uso, walitembea kinyumenyume. Tarapada alirudi nyuma na sanduku, Shemeji Kajol akipuliza kombe la baraka, Nimai na masharubu ya jitu yaliyobandikwa nusu, hata Bulti walimshika mkono akarudishwa kinyumenyume naye. Anadi alitembea katikati ya ua peke yake, mbele yake nyuso zote za maisha yake isipokuwa moja, zinakwenda zikipungua. Kwenye nguzo alisimama. Hapa kwetu mtu hasemi naenda, anasema nakuja, hata kama anakwenda kufa.

"Nguzo," akasema, "nakuja."

Akapiga hatua. Tarapada akatumbukia mtaroni, mguu mmoja hadi gotini, akakataa kuliachia sanduku. Langoni teksi ya manjano ilikuwa inanguruma.

"Bwana Anadi!"

Sauti ile ilitengenezwa kwa ajili ya benchi la mwisho darasani. Ilipita mgongoni mwake, ikagonga lango, ikarudi. Anadi alisimama.

"Amemwita paka!" Tarapada akapaza sauti kutoka mtaroni.

"Sikumwita paka," akasema Mwalimu Surobala. "Nimemwita Anadi Sarkhel wa chumba cha chini. Ameacha ndoo yake."

Watu wakatazama. Ndoo ya Anadi ilikuwa imetolewa chini ya ngazi, imeoshwa, imesimamishwa kwenye foleni ya bomba. Ilikuwa ya kwanza, na ya Surobala nyuma yake.

"Mama mdogo!" Bulti alitaka kulia. "Treni ni saa nane!"

"Treni ni chuma, itaondoka. Baba yako ameitwa kwa nyuma."

"Wewe huyo huyo? Si wewe uliyetufundisha mwezi ni jiwe tu, na mambo ya falaki ni upuuzi?"

"Mwezi ni jiwe, na jiwe linabaki jiwe. Lakini kesho unaingia mwezi wa Poush, na Poush mtu hasafiri. Nimesoma ukurasa mara mbili."

Dereva wa teksi, ambaye hakuulizwa, alizima gari. "Dada, mimi siwezi kumbeba mtu aliyeitwa. Nina watoto."

Anadi alikuwa bado hajageuka. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Bulti akakimbia, akazunguka, akamtokea mbele kama nyumba nzima ilivyozoea, akakuta baba yake anacheka na machozi yanaingia kinywani.

"Baba. Hutaki kuja kwangu?"

Miezi minne na tikiti nne, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Niliahidi," akasema.

"Sijauliza ahadi."

Mzee alitikisa kichwa mara moja, kidogo, kama mtoto anayekataa dawa. Ilimuuma Bulti, na hakuficha kwamba ilimuuma. Kisha akachukua ncha ya sari yake, akamfuta alama mpya ya mtindi pajini.

"Basi rudi ukae," akasema. "Na mimi nikae. Tangu jana sijakaa."

Kufuli lilikuwa limeshika kutu ya mvua zote. Nimai alilipiga kwa rungu la jitu, rungu likapasuka, kwani lilikuwa la karatasi. Shemeji Kajol akalipaka mafuta ya haradali, likafunguka. Anadi aliingia ndani ya vumbi lake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda chake.

Surobala alisimama kizingitini, mahali ambapo hajakanyaga miaka kumi na tisa. Mkononi alikuwa na bilauri ya maji iliyofunikwa kwa kisahani.

"Kunywa," akasema, na hakuitazama nguzo.

Anadi alikunywa yote. Hayakuwa maji ya tangi. Ladha ya chuma haikuwemo. Yalikuwa maji ya bomba, yaliyokingwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla treni ya Bulti haijafika mjini.